Siku moja maishani mwangu: testi za mtumiaji aliyelogini

Saa 1 asubuhi. Niko kwenye mwendokasi natokea Kimara, nimesimama ila akili ishafika ofisini, jana usiku nimeacha testi tisa (vijiprogramu vya kukagua programu yetu) nyekundu, yaani zimefeli, na zote zinalia null, yaani hakuna kitu, kwenye mstari mmoja, ule unaosoma User, mtumiaji aliyelogini.

Saa 2 na nusu. Chai, chapati, laptop. API yetu, programu ya kwenye seva inayojibu maombi ya programu nyingine, ni ya chama cha kuweka na kukopa, mwanachama analogini anaona salio lake. Sasa ukiita kontrola (sehemu inayopokea maombi) ya ASP.NET Core, mfumo wa Microsoft wa kutengeneza programu za wavuti, moja kwa moja ndani ya testi hakuna rikwesti (ombi) iliyopita kwenye seva, HttpContext inayobeba taarifa za rikwesti haipo, na huyo User naye hayupo. Unamtengeneza mwenyewe: unaunda DefaultHttpContext, unaipa ClaimsPrincipal (huyo ndo User mwenyewe) yenye namba ya uanachama, unaibandika kwenye ControllerContext, mazingira ya kontrola.

Saa 4. Nane kijani, moja imegoma, nimehangaika nayo karibu saa nzima jamani. Kumbe ClaimsIdentity, kitambulisho cha ndani ya ClaimsPrincipal, nimeipa klemu (taarifa za mtumiaji kama namba yake) peke yake, sijaipa aina ya uthibitisho, na usipoitaja hiyo, IsAuthenticated (je, mtumiaji kathibitishwa?) inabaki false hata klemu zote zikiwepo. Nikaandika "Testi" pale, ikapita.

Saa 7. Ugali dagaa kwa mama ntilie, narudi.

Saa 8. Hapa ndo penyewe. Wengi tunatesti mwenye akaunti tu, Asha anaona salio la Asha, basi tunapushi. Mi lazima niandike na ya pili, Asha kalogini halafu anaomba salio la Juma. Leo ikarudisha 200, yaani ombi limekubaliwa, na hela za Juma zote zipo hapo, maana programu ilikuwa inachukua namba ya mwanachama kwenye URL bila kuilinganisha na aliyelogini!! Mwili ulinisisimka, hiyo ni akiba ya mtu, ada ya watoto. Nikamwita dogo wa meza ya pili.

"Duh, kaka, hii ishaenda kwa wateja?"

"Bado, inaenda Ijumaa."

Saa 10. Usomaji wa User nimeutoa kwenye kontrola zote nimeuweka nyuma ya intafesi moja (mkataba tu wa kumpata aliyelogini), testi zinapewa feki yake, mtumiaji wa bandia wa mistari miwili mitatu. Ila atributi ya Authorize, ile inayozuia asiyeruhusiwa, haiguswi ukiita methodi moja kwa moja, kwa hiyo hiyo nimeipitisha njia nzima kwa WebApplicationFactory, inayowasha programu nzima ndani ya testi: bila tokeni (kibali cha kulogini) 401, hujathibitishwa; mwanachama kwenye njia ya mhasibu 403, huruhusiwi; mhasibu mwenyewe 200.

Saa 12 jioni. Zote kijani, dogo kapitia kakubali. Ya Asha na Juma nimeiweka juu kabisa kwenye faili.