Nusu ya mstari

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, Jumamosi tulikuwa na kichenpati ya mtoto wa dada angu na mpaka leo miguu inawaka moto.

Shughuli ilipendeza kwakweli. Pilau ipo, zawadi zimetoka, bibi harusi kakalishwa kwenye mkeka na khanga zake, mama mmoja mpendwa kabisa wa kanisani kashika maiki anamfunda. Akafika pale tunapofikaga wote: mwanangu, Biblia imesema mke hana amri juu ya mwili wake, kwahiyo mume akihitaji hata kama una homa unampa. Vigelegele! Na mimi nilipiga, nisiwadanganye. Ila nikamuona yule binti anazungusha pindo la khanga kidoleni, anazungusha anaachia, anazungusha anaachia.

Usiku tunaosha masufuria akaniuliza kwa sauti ya chini, mama mdogo, sasa siku nikiwa sitaki kweli, nikasema hapana, inakuwa dhambi? Nikabaki na sufuria mkononi. Miaka yote niliyokaa kwenye ndoa sikuwahi kuuliza hilo swali, labda kwa sababu hata mimi nilifundwa hivyohivyo.

Basi nikaenda kukisoma kile kitabu, 1 Wakorintho 7, maana tumezoea kukisikia kwenye maiki. Mstari wa 4 hauishii pale tunapopigia vigelegele. Unaendelea: "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Sijawahi kusikia hiyo nusu ya pili kwenye begi pati jamani, nyie mmewahi? Halafu rudi mstari wa 3 uone nani anaagizwa kwanza kumpa mwenzake haki yake, ni mume. Halafu shuka mstari wa 5 kuna neno moja limenikalia moyoni wiki nzima, mmepatana. Yaani Paulo anasema hata kupumzika kidogo kwa ajili ya maombi lazima wawili wapatane, sasa kama kuacha kunahitaji mapatano, kufanya kunakuwaje kwa amri? Najua mtu ataniambia sheria ya hapa Tanzania haimhesabu mume kuwa kambaka mkewe mpaka wawe wametengana. Sawa, sheria ndo inasema hivyo, ila mimi nauliza kuhusu chumba ambacho asubuhi yake mnaamka mnapiga magoti pamoja.

Na kupatana sio tendo tu. Mume anakaa mgodini miezi minne anarudi, mke anamwambia twende tukapime kwanza, au tutumie kondomu mpaka tupime, anaitwa malaya, anaulizwa nani kakufundisha. Mbona kabla ya matangazo ya ndoa mchungaji alidai vipimo na wote mkapeleka kwa furaha? Tena kile cheti kinasema habari za siku ile tu, maana maambukizi mapya yanaweza yasionekane wiki za mwanzo, ndo maana wanawaambia mrudi baada ya miezi 3. Mwenye VVU akimeza dawa vizuri na virusi vikafubaa mpaka havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hiyo ni habari njema pia na inafaa kusemwa kanisani bila kunong'ona.

Turudi kwa swali la binti. Biblia inaye mwanamke aliyesema hapana, nendeni 2 Samweli 13. Tamari, binti Daudi. Kaka yake Amnoni kajifanya mgonjwa, baba mwenyewe ndo kamtuma Tamari aende kumpikia. Msichana kakanda unga, kaoka mikate mbele ya macho yake, kaingiza chumbani kwa mikono yake. Vijana nisikilizeni hapa, maana nasikia mnavyosema, "alikuja geto mwenyewe", "alikula nauli yangu". Tamari naye aliingia mwenyewe, na hakuna mahali Biblia inamlaumu kwa hilo. Alisema "usinitenze nguvu", akatoa sababu, akataja aibu yake, akataja na aibu ya Amnoni, akaomba hata aombwe kwa mfalme. Imeandikwa Amnoni hakukubali kuisikia sauti yake. Alimaliza haja yake akamchukia kuliko alivyompenda, akaamuru atolewe nje na mlango ufungwe. Na huyu ndo alikuwa hali halali kwa mapenzi!

Kinachoniuma zaidi ni waliobaki. Absalomu akamwambia dada yake nyamaza, ni ndugu yako, usiliweke moyoni. Daudi akakasirika sana, hatusomi alichofanya. Ni yale yale yetu, tuyamalize kifamilia, mzee wa kanisa ataitwa, watatoa mbuzi. Wakati mnajadili mbuzi saa zinaenda. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo vizuri, zinamezwa siku 28, na ya kuzuia mimba nayo haisubiri kikao. Mtoto asioge kwanza, nguo zisifuliwe, aende kituo cha afya, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, wanatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Mama usianze na "ulivaa nini", mshike mkono mwende.

Binti nimempigia jana. Nimemwambia hapana sio dhambi, na nimemwambia asome ile sura ya 1 Wakorintho 7 na mchumba wake wakiwa wawili, mistari yote mitatu, kabla ya harusi. Akanyamaza kidogo, akasema mchumba ameshaisoma, anaogopa kuuliza wazee.

Tamari yeye alikaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu, na baada ya hapo hatusikii tena sauti yake. Ila sura ya 14 mstari wa 27, kwenye orodha ya watoto ambayo huwa tunairuka, Absalomu alipata wana watatu na binti mmoja. Huyo binti alimwita Tamari.