Nilivyompanga Camacho katika dakika 15 za redio

Mhariri wa kipindi cha michezo katika redio ya jamii ninayojitolea, hapa Morogoro, alinipa dakika 15 za Jumamosi asubuhi nizungumzie mchezaji wa zamani aliyegeuka kocha. Nilimchagua José Antonio Camacho, beki wa kushoto wa Real Madrid na timu ya taifa ya Hispania. Andiko langu la kwanza lilijaza kurasa sita. Nilipolisoma kwa sauti huku simu ikihesabu muda, lilichukua dakika 31, na mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alisema kwamba nilipofika mwaka 1989 alikuwa amekwisha kusahau ninamzungumzia nani.

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwaga makombe kama anayesoma orodha ya mahari: ubingwa wa ligi mara 9, Kombe la Mfalme mara 5, Kombe la UEFA mwaka 1985 na 1986, mechi 81 za timu ya taifa. Sikio halishiki hesabu za namna hiyo. Katika miaka yake yote ya uchezaji niliamua kubakiza jambo moja, yaani goti aliloumia Januari 1978, akiwa na umri wa miaka 22, likamweka nje kwa karibu miaka miwili na kumkosesha Kombe la Dunia la Argentina. Beki aliyerudi kutoka huko akacheza hadi mwaka 1989 hahitaji kusifiwa sana na mtangazaji.

Ukocha ndio ulionitoa jasho, kwa kuwa alihama mno. Nilijaribu kufuata miaka, nikapotea. Nikajaribu kufuata nchi, nikapotea tena. Ufumbuzi niliupata nilipogundua kwamba lugha yetu ya michezo ina misemo miwili ya kocha anayeondoka: kuna anayebwaga manyanga na kuna anayefungashiwa virago. Nikachora mstari katikati ya karatasi na kumpanga Camacho kwa namna alivyoondoka kila mahali. Upande wa manyanga ulijaa haraka. Mwaka 1998 aliiacha Real Madrid baada ya siku 22 tu, kabla ya kuiongoza katika mechi hata moja ya mashindano. Mwaka 2002 aliiacha Hispania baada ya Kombe la Dunia. Septemba 2004 aliiacha Real Madrid kwa mara ya pili, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza. Na Machi 2008 akaiacha Benfica ya Ureno, aliyokuwa akiifundisha kwa mara ya pili. Upande wa virago niliandika klabu ya Osasuna mwaka 2011, kisha timu ya taifa ya China mwaka 2013, baada ya kufungwa mabao 5-1 nyumbani na Thailand. Kwa maoni yangu, mtu huyu anaeleweka vizuri zaidi kwenye mstari ule kuliko kwenye kabati la makombe, ingawa sikuthubutu kuliacha Kombe la Ureno la mwaka 2004, ambalo Benfica ililitwaa kwa kuifunga 2-1 Porto ya José Mourinho, iliyokwenda kutwaa ubingwa wa Ulaya siku kumi baadaye.

Dakika nne nzima nilizitenga kwa robo fainali ya Kombe la Dunia ya Juni 22, 2002, kati ya Hispania na Korea Kusini, kwa sababu ndiyo mechi ambayo watu wa rika langu wanaikumbuka, na kwa sababu mmoja wa washika vibendera alitoka jirani, Ali Tomusange wa Uganda. Hapo nusura niharibu. Katika andiko la pili nilikuwa nimempa yeye kile kibendera kilicholikataa bao la dhahabu la Fernando Morientes, yaani bao la muda wa nyongeza ambalo lingemaliza mechi papo hapo, kwa madai kwamba mpira ulikuwa umevuka mstari kabla Joaquín hajapiga krosi. Usiku wa kuamkia kipindi niliitazama mechi upya, nikathibitisha kwamba aliyekiinua alikuwa mwenzake wa upande wa pili, Michael Ragoonath wa Trinidad na Tobago. Nilikata jina kwa kalamu nyekundu, nikatetemeka kidogo, kwani signali yetu ina wasikilizaji Waganda wasiopungua mtaa mmoja. Mechi iliisha bila bao, Korea ikashinda 5-3 kwa mikwaju ya penalti, na aliyekosa wa Hispania akawa Joaquín huyohuyo.

Nilimalizia na Gabon, alikochukua timu Desemba 2016, mwezi mmoja hivi kabla nchi hiyo haijaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Walitoka sare mechi zote tatu za kundi, wakaaga mashindano nyumbani kwao bila kufungwa hata mara moja. Saa ya studio ilinionesha dakika 14 na sekunde 40.

Simu ya kwanza ilipigwa na mzee mmoja wa Kihonda. Alinishukuru kwa heshima, akatulia, kisha akauliza: “Sasa mwanangu, mbona hukusema habari za lile shati la Camacho lililokuwa limelowa jasho kwapani kwenye Kombe la Dunia la 2002?” Habari hizo zilikuwa ukurasa wa nne wa andiko la kwanza.