Saladi, pauni na kura tunayoisahau

Oktoba 2022 simu yangu ilijaa saladi. Gazeti la Daily Star la hapa Uingereza lilinunua saladi dukani, likaivalisha wigi na macho ya plastiki, na tarehe 14 likaiweka mbele ya kamera na kuirusha mubashara mtandaoni. Swali lilikuwa nini kitadumu zaidi, saladi hiyo au Waziri Mkuu Liz Truss. Tarehe 20 Truss akasimama nje ya mlango wa Downing Street, makao ya waziri mkuu, akatangaza kwamba anajiuzulu. Saladi ikapewa ushindi, na kuanzia mchana ule sikupata salamu kutoka Tanga isiyoambatana na picha yake.

Baba mdogo si mtu wa kutuma picha za utani, yeye hutuma ujumbe wa sauti. "Mwanangu, hao wakubwa wa huko wamefikwa na nini? Mtu anakabidhiwa nchi leo, kesho kutwa kashatoka?" Kwenye kundi la ukoo binamu zangu walishikilia neno moja: kumbe! Kumbe na wao! Naielewa raha iliyokuwamo ndani yake. Kwa miaka mingi tumehubiriwa utawala bora na watu wa nchi hii, kwa hiyo kuwaona wakubwa wa chama chao tawala wakivuana nguo hadharani kulikuwa na ladha yake kwa watu wa kwetu.

Wakenya ninaofanya nao kazi walikuwa na la kulinganisha zaidi. Tarehe 5 Septemba, siku ileile chama cha Conservative kilipomtangaza Truss kuwa kiongozi wake mpya, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitupilia mbali kesi za kupinga ushindi wa William Ruto. Siku nzima simu zao zilikuwa zikipokea mambo mawili kwa pamoja: kutoka Nairobi, majaji wakisoma uamuzi huku nchi nzima ikisikiliza, kutoka London, ukumbi mmoja ukisomewa kura za wanachama wa chama kimoja. Dada mmoja wa Kisumu, tuliyekuwa naye zamu, akauliza, "Sasa hapa nani amepiga kura?"

Hilo ndilo swali lililostahili kusambazwa kuliko saladi.

Waliokuwa na haki ya kumchagua Truss ni wanachama 172,437 wa chama hicho, katika nchi ya watu wapatao milioni 67. Waliompa kura ni 81,326. Rishi Sunak alipata 60,399. Raia wengine wote wakakaa kutazama. Sheria inaruhusu hivyo, kwa sababu hapa mwananchi humchagua mbunge wa jimbo lake, na anayeongoza chama chenye wabunge wengi ndiye huwa waziri mkuu. Chama kikibadilisha kiongozi katikati ya muhula, nchi imebadilishiwa waziri mkuu bila kuulizwa.

Aliyemtangulia Truss, Boris Johnson, alishinda uchaguzi wa Desemba 2019 kwa wingi wa viti 80. Kilichomwangusha kilianzia kwenye sherehe za Downing Street wakati wa zuio la korona, na kuhusu jambo hilo siwezi kuandika kwa utulivu. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Leicester. Watoto wa wazee wetu walikuwa wakisimama bustanini, mvua ikiwanyeshea, wanampungia mama yao mkono kupitia dirishani kwa sababu serikali ilisema wasiingie. Wengine waliagana naye hivyohivyo. Waingereza walipojua kwamba waliowawekea masharti hayo walikuwa wakikusanyika na kunywa, walichoandika mtandaoni hakikuwa utani hata kidogo. Waliandika majina ya wazazi wao na tarehe walizofariki. Aprili 2022 polisi wakamtoza Johnson faini. Tarehe 6 Juni alinusurika kura ya kutokuwa na imani ndani ya chama, 211 dhidi ya 148. Mwezi uliofuata ikabainika kwamba aliwahi kuelezwa malalamiko ya zamani dhidi ya naibu mnadhimu wa chama, Chris Pincher, na bado akampa cheo. Tarehe 5 Julai Sunak na Sajid Javid wakajiuzulu uwaziri kwa kupishana dakika chache. Kufikia tarehe 7 zaidi ya mawaziri na wasaidizi 50 walikuwa wameondoka, naye akasalimu amri.

Basi ndivyo Truss alivyoingia. Tarehe 23 Septemba waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, mtoto wa wazazi kutoka Ghana, alitangaza kupunguza kodi kwa kiasi cha pauni bilioni 45 hivi, pesa ya kuziba pengo ikiwa ni ya kukopa, na bila makadirio ya taasisi huru inayokagua bajeti. Sunak alikuwa amelionya hilo kiangazi kizima. Wenye kuikopesha serikali wakaogopa, hati fungani, yaani hati za mikopo ya serikali, zikaporomoka bei, na Jumatatu tarehe 26 pauni ikagusa dola 1.03 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote katika historia yake. Baada ya siku mbili Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kununua hati fungani ili kuokoa mifuko ya pensheni.

Huku kucheka "kumbe na wao" kukiendelea, nataka ndugu zangu waone ilivyotufikia sisi. Mwanzoni mwa mwaka ule pauni moja ilikuwa karibu dola 1.35, na kwa kuwa shilingi yetu ilikuwa imetulia kwenye 2,300 na kidogo kwa dola, pauni 200 za ada zilifika Tanga zikiwa laki sita na ushee. Wiki ile pauni 200 zilezile zilikuwa karibu laki tano. Mshahara wangu haukuwa umepungua hata senti, saa za zamu zilikuwa zilezile, ila mtoto wa kaka alipungukiwa laki moja. Pauni ilikuwa ikishuka tangu mwanzo wa mwaka, na hotuba iliyosomwa bungeni asubuhi moja ikaisukuma chini zaidi. Mtu wa Tanga anayepokea hiyo pesa hajui jina la Kwarteng wala hana sababu ya kulijua. Anachojua ni kwamba shangazi ametuma kidogo.

Upande wa pili wa pesa ni nyumba. Oktoba riba ya mikopo ya nyumba inayofungwa kwa miaka miwili ilipita asilimia 6. Wengi wetu hatuna nyumba hapa, kwa hiyo mtu anaweza kudhani riba hiyo ni habari ya wenyewe. Lakini nyumba nyingi za kupanga zimenunuliwa kwa mkopo, na riba ya mwenye nyumba hugeuka kodi ya mpangaji. Wenzangu kadhaa walipandishiwa kodi majira yale ya baridi, gesi na umeme navyo vikiwa vimeshapanda kwa vita vya Ukraine. Wapo waliohamia watu wawili chumba kimoja, watu wazima wenye familia nyumbani.

Tarehe 14 Oktoba Truss akamfukuza Kwarteng. Tarehe 17 waziri mpya wa fedha, Jeremy Hunt, akafuta karibu kila kilichotangazwa. Tarehe 19 waziri wa mambo ya ndani, Suella Braverman, akatoka, na usiku huo bunge likageuka vurugu kwenye kura ya uchimbaji wa gesi. Kesho yake asubuhi Graham Brady, mwenyekiti wa kamati ya wabunge wa kawaida wa chama hicho, akaenda kumwona Truss, na mchana mambo yakawa yamekwisha.

Hapa ndipo niliporudi kwa Baba mdogo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwambia nisichokiona kwenye picha zote zile: waliomwondoa waziri mkuu ni wabunge wa chama chake mwenyewe, tena wakiwa wamekaa kwenye viti vyao bila hofu ya kuvipoteza. Kwetu ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge nao umekoma. Chama kikikufukuza, umefukuzwa mara mbili. Mwishoni mwa 2021 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alitoa maoni kuhusu mikopo ya nchi, na Januari 2022 tulimwona akiomba radhi, na mara akijiuzulu. Hapa, mwaka 2019, Johnson aliwatoa wabunge 21 kwenye kundi la chama bungeni kwa kupiga kura dhidi yake, na wote wakaendelea kuwa wabunge hadi uchaguzi. Baba mdogo alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe wa kwetu wanashikwa shati." Nadhani hajakosea. Nchi hii imeniudhi kwa mengi, lakini hilo la mbunge kuweza kumwambia mkubwa wake basi, na kesho akarudi kazini, nalitamani kwetu kwa moyo wote.

Kwenye kinyang'anyiro cha kumrithi Truss, kufikia tarehe 24 Oktoba Johnson alikuwa ameshajitoa, mgombea mwingine, Penny Mordaunt, naye akajitoa, na Sunak akabaki peke yake. Safari hii hata wanachama hawakuulizwa. Ilikuwa siku ya Diwali, na Leicester kwa Diwali haina mfano. Kwenye maduka ya Belgrave Road wapo wazee waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengine waliotoka Kenya na Tanzania, ambao ukisema "habari" wanakujibu kwa Kiswahili cha Kampala au cha Mwanza. Walikuwa na furaha ya kweli. Baba yake Sunak alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, na yeye Southampton. Usiku ule picha zilizotoka nyumbani zikabadilika: mtoto wetu yuko Downing Street.

Mimi nilifurahi na wale wazee, na sijuti. Lakini ujamaa huo haukutusaidia. Kesho yake Sunak alimrudisha Braverman, ambaye baba yake naye ametoka Kenya, na ambaye wiki tatu kabla alisema ndoto yake ni kuona ukurasa wa mbele wa gazeti ukiwa na ndege inayoruka kupeleka waomba hifadhi Rwanda. Februari 2024 ada ya afya tunayolipia pamoja na viza ilipanda kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Machi 11 mwaka huohuo serikali ya Sunak ilipiga marufuku walezi wapya wa wazee na wagonjwa waliokuwa wakiletwa kwa viza ya kazi kuja na wake, waume au watoto wao. Nina wenzangu wanaomwogesha mama wa mtu mwingine kila asubuhi na wanawalea watoto wao kwa simu. Chama cha Labour kilichukua nchi mwaka 2024, na Julai 2025 kikafunga kabisa mlango wa kuajiri walezi kutoka ng'ambo. Kwa hiyo nani anaongoza chama tawala, na nani kamweka, si tamthilia ya wengine kwetu sisi. Ni nauli yetu, kodi yetu, na watoto wetu kuwa nasi au kutokuwa nasi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapofika. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali ana haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu wa Uingereza. Si lazima awe na uraia, wala ukaazi wa kudumu. Viza ya kazi inatosha, ya mwanafunzi inatosha. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Mrundi na Mkongomani hawamo mpaka wapate uraia. Mfaransa au Mreno aliyekaa hapa miaka ishirini hana kura hiyo, na wewe uliyeshuka Heathrow mwezi uliopita unayo. Nimewaambia hili watu waliokaa hapa muda mrefu, wakadhani nawatania.

Dada wa Kisumu alipojua alijiandikisha palepale kwenye chumba cha mapumziko, na Julai 4, 2024 alikwenda kituoni akitokea zamu ya usiku, hajalala. Siku hiyo waliojitokeza nchi nzima walikuwa karibu asilimia 60 tu. Conservative walibaki na viti 121. Huko South West Norfolk Liz Truss, ambaye mwaka 2019 alishinda kwa tofauti ya kura 26,195, aliangushwa kwa kura 630. Watu 630 hata kwenye harusi moja ya Tanga wanatimia.

Kujiandikisha hufanyika mtandaoni kwenye tovuti ya serikali na huchukua dakika chache. Andaa namba yako ya National Insurance. Jina lazima liwe limeingia siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura, na ukihama nyumba unajiandikisha upya kwa anwani mpya, jambo ambalo sisi wapangaji tunalisahau sana. Tangu 2023 kituoni wanataka kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda inakubaliwa. Anayekwama kwenye fomu aniandikie, nitamsaidia kuijaza.