Laptopu ya Japani: kutoa Kijapani bila kupiga Windows upya

Laptopu za mtumba kutoka Japani zikifika Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi) huja na bei nzuri na maandishi ambayo hata muuzaji hayasomi. Mteja humkimbilia fundi, fundi naye hukimbilia flashi: anafuta kila kitu, anapiga Windows ya Kiingereza, anadai chake. Mara nyingi hapakuwa na haja, na wakati mwingine anafuta Windows halali na kukuwekea ya magumashi.

Jambo la kuanza nalo ni toleo la Windows. Lugha itafuata. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kijisanduku kitatokea chini kushoto. Humo andika slmgr /dli kisha Enter, usubiri sekunde chache. Ikiwa badala ya herufi za kawaida unaona vijiandishi vya Kijapani, tazama kona ya chini kulia ya skrini: kama kuna あ, bonyeza mara moja kitufe kilicho kushoto mwa namba 1, chenye maandishi 半角/全角. Ile あ itageuka kuwa A, na sasa unaandika Kilatini.

Dirisha litakalofunguka lina Kijapani, lakini sehemu unazozihitaji zimebaki kwa Kiingereza. Mstari wa kwanza unataja toleo. Professional ndiyo Pro, Core ndiyo Home ya kawaida. Hizi mbili hupokea lugha yoyote bila malipo. CoreSingleLanguage ndiyo Home Single Language, ambayo leseni yake inaruhusu lugha moja tu ya kuonyesha, yaani ya menyu na ujumbe. Utaikuta sana kwenye mashine za soko la India. CoreCountrySpecific ni Home ya China, na hiyo ni ngumu zaidi. Mashine za maofisini Japani kwa kawaida huwa na Pro, kwa hiyo zina unafuu.

Mstari wa pili nao usomwe kabla hujalipa. OEM_DM maana yake ufunguo wa Windows umo ndani ya ubao wa mashine yenyewe, hata ukibadili diski haupotei. VOLUME_KMSCLIENT maana yake Windows hiyo iliwashwa kwa leseni ya kampuni, na uhalali wake huhesabiwa kwa siku 180. Laptopu ya mtumba yenye neno hilo, punguza bei au iache.

Kama ni Pro au Home ya kawaida, rudi kwenye Windows na R, andika ms-settings:regionlanguage. Hapo huhitaji kutafuta njia kwenye menyu usizozielewa. Ukurasa wa lugha unafunguka moja kwa moja. Nukta mbili kwenye kibodi ya Kijapani haihitaji Shift: ni kitufe cha pili kulia mwa L. Kwenye ukurasa huo kuna kitufe cha buluu cha kuongeza lugha. Kibofye, andika English, chagua English (United States), endelea mbele. Utaletewa visanduku vya kuweka tiki. Cha juu, cha kifurushi cha lugha, ni lazima. Cha mwisho kabisa, chini, ndicho kinachoifanya lugha hiyo kuwa ya kuonyesha. Wengi hukiruka kisha wanalalamika kuwa hakuna kilichobadilika. Vya sauti na mwandiko wa mkono vitolee tiki ili kuokoa bando.

Upakuaji ukisimama palepale, sababu ya kawaida ni intaneti ya simu iliyowekwa alama kuwa inalipiwa kwa kipimo. Toa alama hiyo kwenye mipangilio ya Wi-Fi au tafuta mtandao mwingine. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na uingie tena.

Sasa menyu ni za Kiingereza, lakini skrini ya kuingilia bado inakusalimu kwa Kijapani. Hiyo ina mipangilio yake. Windows na R, andika intl.cpl, nenda kichupo cha mwisho, Administrative. Kitufe cha juu, Copy settings, kinakuletea dirisha lenye visanduku viwili chini: kimoja cha skrini ya kuingilia, kingine cha akaunti mpya. Tia tiki vyote viwili.

Kwenye kichupo hichohicho, chini yake, kuna kitufe cha Change system locale. Hiki kinahusu programu za zamani zisizotumia Unicode, mfumo wa kisasa unaobeba herufi za lugha zote. Kikibaki Kijapani, utaona njia za mafaili zimeandikwa C:¥Users badala ya kutumia mkwaju wa nyuma (\). Haijaharibika kitu, ni fonti tu inavyouonyesha mkwaju huo, ila programu nyingine za kihasibu za miaka ya nyuma zitaleta herufi zisizosomeka. Weka English, kisha washa mashine upya; bila kuwasha upya haifanyi kazi. Saa nazo: chagua (UTC+03:00) Nairobi, ndiyo inayotumika Dar na Kampala pia.

Kibodi ndiyo yenye kero ya kudumu. Ukiongeza Kiingereza, Windows huleta mpangilio wa Marekani, ila plastiki chini ya vidole ni ya Kijapani. Herufi A hadi Z ziko mahali pake. Alama ndizo zinazohama. @ iliyochapwa kulia mwa P sasa inatoa [. Ukitaka @, bonyeza Shift na 2, ingawa kitufe kimechapwa alama ya kunukuu. Kitufe chenye nukta mbili kinatoa ritifaa, ile ya ng'ombe na ng'ambo, kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili atakizoea haraka. Chenye ] kinatoa mkwaju wa nyuma. Kile cha ¥ karibu na Backspace, na cha ろ karibu na Shift ya kulia, havitoi kitu kabisa, usidhani vimekufa.

Hapo ndipo paswadi zinapokwama. Mtu aliyeweka paswadi yenye @ kwa mpangilio wa Kijapani, akifika skrini ya kuingilia kwa mpangilio wa Marekani, anaandika [ bila kujua, maana anaona vidoti tu. Kabla ya kubadili chochote, weka paswadi ya herufi na namba tupu. Ukishanasa, bofya kifupi cha lugha kwenye kona ya chini kulia ya skrini hiyo, au Windows na nafasi, ubadili mpangilio.

Ushauri wangu: ukishahakikisha kila kitu kinafanya kazi, ondoa Kijapani kwenye orodha ya lugha, ubaki na mpangilio wa Marekani na stika za kibodi. Ukiacha yote mawili, siku moja utagusa Alt na Shift bila kukusudia, na mtu wa tatu ataambiwa kompyuta ina virusi.

Kwa Single Language njia ni mbili. Kununua Pro, au kupiga upya toleo lilelile kwa Kiingereza. Hii ya pili haina gharama ya leseni: kwa chombo cha Microsoft cha kutengenezea flashi (GB 8 kwenda juu), chagua lugha ya Kiingereza, nayo Windows itasoma ufunguo ulio kwenye ubao na kujiwasha ikipata intaneti. Nakili mafaili yako kwanza, na uhakikishe kuwa, kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski), unao ufunguo wake wa kuokolea. Home ya China haikubali ujanja huu. Hapo ni Pro tu.

Kuna vitu havibadiliki kwa njia ya lugha. Office ina mipangilio yake yenyewe ndani ya Options. Skrini ya buluu ya matengenezo, ile inayotokea Windows ikishindwa kuwaka, itaendelea kuwa ya Kijapani. Na kama folda ya mtumiaji ndani ya C:\Users ilipewa jina kwa maandishi ya Kijapani, haitajibadili, na baadhi ya programu hugoma kusakinishwa kwa sababu hiyo. Usiibadili jina kwa mkono. Fungua akaunti mpya yenye jina la herufi za kawaida bila nafasi, hamishia mafaili, kisha ufute ile ya zamani.