Nyumba ya Jambiani na minazi isiyouzwa

Korona kila mtu ana hadithi yake, wengine walizika, wengine walikwama nchi za watu, mie yangu ni ya kununua nyumba, na mpaka leo nikiisimulia kuna watu hunitizama jicho la pembeni kama nimeiba, kwa hiyo naiandika yote ilivyokuwa, anayetaka kunisema aniseme kwa kujua.

Mie mwalimu wa skuli ya serikali. Mwaka 2020 tulikuwa tunakodi Mpendae, hapa Zanzibar mjini, mie na wanangu, vyumba viwili na choo cha kushirikiana, na pesa ya kiwanja nilishaanza kuikusanya zamani, mchezo wa walimu wenzangu, na kidogo nilichopata kwenye mirathi ya marehemu baba. Tabu ni kwamba pesa ikisogea na bei inasogea. Fuoni unauliza leo unaambiwa hivi, ukirudi na pesa mkononi dalali anakwambia ah mwalimu, ile bei ya zamani ile. Na kule pwani ya mashariki ndo usiseme kabisa, Paje, Bwejuu, Jambiani, hata mtu wa huko huko aliyezaliwa huko akitaka kujenga kwao anashindana na mtu mwenye dola. Sheria haimruhusu mtu wa nje kuimiliki ardhi, anakodishwa kwa mambo ya uwekezaji, lakini bei wao ndo walioipandisha, kwa sababu kila kijana mwenye kipande cha babu yake akikitizama haoni kipande tena anaona bangaloo nne na mkahawa.

Hafu ikaja Machi. Skuli zikafungwa, wageni wakawa wanagombania ndege za mwisho mwisho kurudi kwao, Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa nchi nzima, na hoteli moja baada ya nyengine zikaanza kuwarudisha vijana nyumbani, wengine na nusu mshahara, wengi bila kitu, nendeni tutawaita. Ndege zikaja kuruhusiwa tena tarehe 18 Mei lakini kufungua mlango si kupata mgeni. Na sisi watumishi wa serikali, tuliokuwa tunachekwa na vijana wa hoteli kwa mishahara yetu ya chaki, sisi mshahara uliendelea kuingia. Mtu aliyekuwa akipata kwa siku tatu za tips ninachopata mie mwezi mzima sasa ananikopa elfu kumi ya unga. Sikufurahia lakini sitojifanya sikuliona.

Dalali akanipigia. Mwalimu, ile pesa bado unayo? Nikamwambia ipo. Akanambia usiitie mkono, kuna kijana Jambiani anauza nyumba, si kiwanja, nyumba, vyumba vitatu na paa juu.

Nikamchukua kaka yangu, yeye ni fundi mwashi na hana haya, tukapanda daladala ya 309, ya Jambiani. Gari ile nimeizoea imejaa wafanyakazi wa hoteli na mabegi ya wageni juu ya keria, siku hiyo tulikuwa tunajinyoosha kwenye viti, kondakta amevaa barakoa kidevuni. Jambiani yenyewe utadhani siku ya pili ya msiba. Vitanda vya jua vimepinduliwa vimerundikwa, vibanda vya vinyago vimefungwa turubai, Wamasai hakuna hata mmoja, washarudi kwao bara. Maji yameondoka, ufukwe mweupe mpaka kule kwenye mwamba, na waliokuwepo ni kinamama wa mwani tu wameinama kwenye vigingi vyao, wao hawakufungwa na mtu. Pweza tuliuziwa kwa bei ya kutupa, mkubwa mzima, kwa sababu hoteli ndo zilikuwa zinawanunua na sasa hoteli hazipo. Kaka alinunua wawili kabla hata hatujaiona nyumba.

Nyumba iko upande wa juu wa barabara ya lami, si pwani, ukipanda juu ya paa tu ndo unaiona bahari. Kijana mwenyewe, miaka thelathini na ushei hivi, alikuwa na boti ya kupeleka wageni kwenye snokeli, na boti hiyo ameikopea. Nyumba alikuwa anaijenga kidogo kidogo kila msimu, nia yake akodishe vyumba. Kwa hiyo kila chumba kina choo chake ndani, na kila ukuta una tundu la mraba la AC ambayo haikuja, limezibwa na mfuko wa saruji umekunjwa. Vigae chumba kimoja tu, vizuri sana, vya rangi ya mchanga, vyumba vingine vumbi. Na ubao wa jina la nyumba umesimamishwa nyuma ya mlango umepakwa rangi nusu. Mke wake alitupa maji ya kunywa na akaingia ndani, hakutoka tena.

Kaka akaanza kazi. Kwanza akagonga ukuta kwa funguo akisikiliza, mahali pengine unalia kavu, mahali pengine unalia kama una upepo ndani. Akakwangua plasta kwa kucha ikamwagika. Akachukua ile chenga akaitia ulimini. Wallahi mie nikadhani anafanya vituko. Akatema, akasema mchanga wa pwani huu, una chumvi. Akanipeleka kwenye boriti ya zege juu ya mlango wa uani, pana mstari umepasuka kwa urefu, na pembeni ya mstari rangi ya kutu. Akanieleza mbele ya mwenye nyumba, yule kijana amesimama anasikiliza: chumvi inaila nondo, nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba inalipasua zege kutoka ndani, na huwezi kuifanya kitu ila uvunje uitoe. Kijana akasema mchanga wa kuchimbwa alikuwa analetewa kwa gari na gari moja ni pesa, sasa zile kazi za mwanzo alichukua wa karibu. Kaka akasema najua, wote mnafanya hivyo.

Bei. Alishawahi kukataa milioni 55 mwaka wa nyuma yake, mwenyewe alisema na dalali akashuhudia. Sasa anataka 30. Kaka kwa ile boriti na ile plasta akamtajia 20. Kijana hakukasirika, na hilo ndo lililonitia mie unyonge, mtu akikasirika unajua bado ana nguvu. Tukaenda tukarudi, ikasimama 25.

Hapo mie nikajua tumemaliza. Kumbe ndo kwanza tumeanza, maana akatokea shangazi yake.

Alikuwa anatoka kwenye mwani, kanga imerowa mpaka magotini, kapu kichwani. Akatua kapu, akakaa barazani bila kukaribishwa, kwao ndo kwao, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba, akauliza mwenye kununua nani. Nikamwambia mie. Akanitizama vizuri.

"Wa wapi?"

"Mjini, lakini mamaangu mtu wa Makunduchi, Kajengwa."

Hilo likampoza kidogo. Akasema sawa, nyumba ni ya huyu, kajenga kwa jasho lake, auze. Na kiwanja kapewa na kakaangu, Mungu amrehemu, tulikubaliana sote. Lakini minazi ile saba ni yangu, nimegaiwa katika urithi wa baba, na minazi mie sikuuza.

Sasa kwa msiojua mambo yetu, hapa kwetu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa mali ya serikali, ile sheria ya ardhi ya 1992 ikaja kuziweka sawa haki za matumizi, lakini miti ni kitu chengine. Mti una mwenyewe na chini pana mwenyewe, na wanaweza kuwa watu wawili, na wote wawili wana haki. Mnazi, mkarafuu, mwembe, unaweza ukarithi mti mmoja katika shamba la mtu. Watu wa mjini tunasahau kwa sababu tunanunua viwanja vilivyokwisha fyekwa, lakini pale minazi ilikuwepo saba, mirefu, mmoja umeegemea juu ya paa kabisa.

Dalali akataka kuipima kwa pesa, akamwambia bi mkubwa tutakulipa minazi yako, taja. Akasema sikuuza. Dalali akaongeza bei, bi mkubwa akasema mwanangu husikii? Hamu ya nazi iko kila siku, pesa yako ntaila mara moja. Kaka yangu akaingilia, kwa adabu lakini kifundi, akasema mama lakini ule ulioegemea, nazi itaanguka juu ya bati.

"Basi hamisha bati."

Hata yule kijana alicheka, siku nzima sikumuona akicheka.

Nikakaa na shangazi pale barazani, wanaume wakaenda kuswali adhuhuri. Akaniuliza mume yuko wapi, nikamwambia tumeachana, akaniuliza watoto wangapi, wanasoma wapi, kama nitahamia au nitapangisha. Nikamwambia skuli kuna ya serikali huku, nitaomba uhamisho. Akanyamaza akiukunjua mwani wake, hafu akasema bila kunitizama, "Umemkuta na shida huyu."

Nikamwambia nimemkuta nayo mama, sikumpa mie.

"Ndo nilivyosema. Umemkuta nayo." Akaendelea na mwani wake.

Nimelifikiria sana lile neno lake na bado nasimama pale pale. Kama si mie angekuja mwengine, na mwengine angetoa 20, na walikuwepo, Jambiani na Paje msimu ule watu wenye pesa kutoka mjini walikuwa wanapita na madalali wao nyumba kwa nyumba kama wanachagua samaki markiti. Lakini pia siwezi kusema milioni 25 ilikuwa bei ya nyumba ile. Ilikuwa bei ya mwezi ule. Hayo mawili yote ni kweli, na anayenitizama jicho la pembeni achague analolitaka.

Karatasi tuliandikiana kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, baada ya kunawa kwenye ndoo nje, siku zile huingii pahala hujanawa. Sheha mtu wa taratibu, akatuambia hapa ni mashahidi na mkataba, mkishamaliza nendeni mjini kwenye bodi ya uhaulishaji, inayopitisha ardhi kutoka mtu kwenda mtu, msije mkaiweka karatasi hii kabatini mkaona imetosha. Akawauliza ndugu mmoja mmoja kama kuna mwenye neno, akampigia simu mmoja yuko Maskat, akaweka spika tukamsikia sote akisema hana neno. Hafu akaandika kwa mkono wake: jengo, choo, shimo la maji machafu, njia ya watu wanaokwenda kisimani isizibwe, na minazi saba haimo katika mauziano haya, mwenyewe ataichuma mwenyewe au mtu wake mpaka itakapokufa. Dalali alikuwa anatikisa kichwa kila mstari. Shangazi mtu akatia dole gumba, akalifuta kwenye kanga.

Pesa tulihesabu juu ya meza ya sheha. Kijana alihesabu mara ya pili, si kwa kutotuamini, mikono tu ilikuwa inamtetemeka. Nje alikuwa amekaa bwana mmoja kwenye pikipiki tangu asubuhi, nikadhani anamngojea sheha, kumbe anaidai ile boti. Tulipotoka kijana alimkabidhi pale pale, mbele yetu, bunda zima, na yule bwana akaliweka ndani ya jaketi akaondoka bila kuhesabu. Alivyojua ni kamili sijui.

Tulihamia likizo ya Disemba. Na ndo mwezi huo huo Warusi wakaanza kumiminika, ndege za kukodi moja kwa moja kutoka kwao, huku Ulaya wamefungiana, na barabara ya Jambiani ikarudi kelele zake. Dalali yule yule akanipigia, mwalimu nina mtu wa 45 hata hajaiona. Nikamwambia watoto washaandikishwa skuli. Yule kijana hoteli moja ikamuita kazini, mkewe amejifungua salama, wamepanga kwa mjomba wake upande wa Kikadini, tukikutana dukani tunasalimiana vizuri tu, huniuliza vigae havijapasuka.

Boriti ya mlango wa uani kaka aliivunja yote akaweka nyengine, na mchanga safari hii ulikuja kwa gari. Bati hatukuhamisha. Kusi lililofuata, usiku, ikaanguka nazi mbili pamoja kutoka kwenye ule ulioegemea, tukaamka tukidhani tumevamiwa, bati limebonyea na msumari umeng'oka. Asubuhi mapema mlangoni mjukuu wa bi shangazi, kijana wa miaka kumi hivi, na kikapu. Bibi kasema kasikia kishindo, amekuja kuchukua nazi zake. Nikampa zote mbili. Bati nililipa mie.