Siku za hatari, na mume yuko Barafu

Saa 11:10 alfajiri. Kabla sijabandika maji ya chai nafungua simu, kwenye programu ya kuhesabu hedhi. Siku ya 12 ya mzunguko. Kiduara kimegeuka kijani, maana yake kuanzia leo Jumanne hadi Jumapili ndizo siku zangu za kushika mimba. Kwa Kiswahili tunaziita siku za hatari, jina ambalo bila shaka lilitungwa na mtu aliyekuwa anaikimbia mimba. Mimi naitafuta, ya pili. Hatari yangu ni moja tu: baba mtoto ni mpishi wa mlimani, yuko na wageni Kilimanjaro, njia ya Machame, na leo ni siku yao ya tano. Usiku watalala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Programu haina mahali pa kujaza hilo.

Nameza kidonge cha foliki asidi, vitamini ya anayejiandaa kubeba mimba, mikrogramu 400, namvalisha mtoto sare, tunatoka.

Saa 12:40. Hiace kutoka Kiboroloni, nimebanwa dirishani. Mlima umejifunika, ndiyo Julai ya Moshi. Mimi ni nesi mkunga kwenye zahanati moja hapa mjini, kliniki ya mama na mtoto, mwaka wa tisa sasa.

Saa 1:45 asubuhi. Elimu ya asubuhi, mabenchi yamejaa. Nauliza: nani alianza foliki asidi kabla ya kupata mimba? Kimya. Mmoja ananyanyua mkono, kumbe anaomba kwenda chooni.

Ugomvi wangu na kazi hii uko hapo. Kabatini kwangu kuna kadi ya mjamzito, kadi ya mtoto na kadi ya uzazi wa mpango kwa asiyetaka mimba sasa. Sina kadi ya mwanamke anayesema, "Nesi, nataka kubeba mwezi wa kumi, nijiandae vipi?" Huyo hana benchi. Hata huduma ya meseji ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012 na ambayo niliipenda kwa kuwa ilifika bure hadi kwenye simu ya kitochi (ulituma neno MTOTO kwenda 15001), iliwalenga wajawazito na wenye vichanga. Mwanamke anafika kwangu mimba ikiwa imeshaingia. Kilicho naye kabla ya hapo ni simu yake.

Saa 3:20. Anaingia binti wa miaka kama 24, macho mekundu.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona hivyo?"

Hajalala. Jana alipiga ultrasaundi mahali fulani mjini, wakasoma mimba ya wiki 6 na siku 2. Programu yake inasema wiki 10 zimepita. Aliyempima akamwambia arudi baada ya wiki mbili, "huenda mtoto hakui", basi. Usiku kucha akaendelea kufungua simu na kuangalia picha ya tunda ambalo mtoto wake alipaswa kulingana nalo.

"Hedhi ya mwisho ilianza lini?"

"Tarehe 5 mwezi wa sita. Nakumbuka, kesho yake ilikuwa kicheni pati ya wifi yangu, nikashindwa kuvaa gauni jeupe."

Nikachukua gurudumu la mimba, kile kisahani cha karatasi ngumu ninachokitunza kama kitambulisho. Nikalaza mshale kwenye Juni 5. Leo ni Julai 21: wiki 6 na siku 4. Kujifungua Machi 12. Nikarudia kichwani kama tulivyofundishwa chuoni, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Machi 12.

"Hebu nione ulivyojaza."

Alikuwa ameandika 05/06. Simu yake imewekwa Kiingereza cha Marekani, na Wamarekani hutanguliza mwezi. Programu ikasoma Mei 6. Siku 30 nzima zimezaliwa na mkwaju mmoja, na kwa siku hizo mtoto mzima wa afya akageuka mtoto asiyekua.

Nikamsahihishia. Wiki 6 na siku 4, tunda likapungua saizi. Alicheka, halafu akalia, halafu akaniomba nimpigie picha ya gurudumu. Tarehe ya kurudi ultrasaundi hatukuifuta, maana mapigo ya moyo bado tunayataka kwa macho. Lakini leo atalala.

Kitu kimoja sikumwambia, kwa kuwa kingemfaa nini saa ile? Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kama siku 28 baada ya mimba kutunga. Kwa hesabu yake, hiyo ni Ijumaa iliyopita. Foliki asidi ya kupunguza mgongo wazi inatakiwa iwe mwilini kabla ya hapo, ndiyo maana tunataka ianze walau mwezi mmoja kabla ya kubeba. Vidonge nilivyompa leo vitamsaidia damu, na watoto walio wengi huzaliwa salama hata hivyo. Lakini programu ile alikuwa nayo tangu Februari, akihesabu kwa sababu anataka mtoto. Miezi minne ilimwonyesha matangazo ya nepi. Ilishindwa sentensi moja ya foliki?

Saa 5 hadi saa 7. Mizani, presha, kipimo cha damu, mkojo, mizani tena. Mama mmoja analalamika simu inamwamsha usiku wa manane imkumbushe vidonge. Nikaangalia: aliweka 2:00, akimaanisha saa mbili usiku. Simu haijui saa ya Kiswahili. Mumewe ameapa kuitupa ile simu chooni.

Kisha dada wa saluni, ambaye yeye anaikimbia mimba. Programu imempa "siku salama" naye anaiamini kama mahubiri. Mizunguko yake: siku 24, 37, 29, 35. Nikamtolea shanga zangu za mzunguko, zile zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Georgetown, ambazo shanga nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19, siku za kuweza kushika mimba. Hata hizi, zilizo rahisi kuliko simu yoyote, ni za mwanamke ambaye mizunguko yake iko kati ya siku 26 na 32. Yai halipevuki siku ya 14 kwa amri. Hutangulia hedhi *ijayo* kwa takribani siku 14, na hiyo ijayo nani anaijua kwa mtu wa 24 na 37? Tena mbegu za mwanamume zinaweza kuishi hadi siku 5 zikisubiri. Akaondoka na kijiti cha uzazi wa mpango. Programu nikamwambia abaki nayo, imsaidie kujua lini aende na pedi kazini.

Saa 7:40. Machalari ya mama ntilie na stori na mwenzangu wa dawati la chanjo. Anasema hawezi kuiambia simu hedhi yake, mumewe anajua namba ya siri. Hilo ni la nyumbani, ila linafika mbali pia: mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia mapatano na Flo, programu ya mamilioni ya wanawake, kwa madai kwamba ilipeleka taarifa za watumiaji kwa kampuni kama Facebook. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nikamwambia afanye ninavyofanya: jina la uongo, huduma ya kuonyesha mahali nilipo nimezima, barua pepe sikuweka. "Unaitwa nani humo?" Sisemi.

Saa 10:15 jioni. Nyumbani. Na mimi simu imeshanichezea. Niliacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ya mwisho ilikuwa Septemba. Najua, na nawaambia wengine kila siku, kwamba uzazi unaweza kuchukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho kurudi. Programu haikujua. Januari ikaanza: hedhi imechelewa siku 9, siku 40, siku 61, pima mimba. Nikapima mara nne, mkunga mzima, nimejifungia chooni na kijikombe. Hedhi ikaja Aprili, taratibu.

Saa 2:05 usiku. Simu inaita, upepo mwingi, sauti inakatika. Wamefika Barafu, mgeni mmoja anatapika, supu imeliwa nusu. Saa sita usiku watapanda kileleni, kesho walale Mweka, Alhamisi watoke getini.

"Halafu," ananiuliza, akishusha sauti kwa sababu hema ni moja na wapagazi wako macho, "zile siku?"

"Zimeanza leo. Mpaka Jumapili."

Kimya kidogo. Nilidhani mtandao umekata.

"Basi Alhamisi chai nitaipika saa kumi alfajiri, washuke mapema."