Vidoa vyeupe kooni visivyoisha: jinsi nilivyovimaliza

Homa sikuwa nayo, kumeza nilimeza vizuri, ila kila nikimulika koo kwa tochi ya simu naona vidoa vyeupe vilevile kwenye tonsesi. Dozi ya amoksilini ya duka la dawa haikuvigusa. Kilichonikera zaidi ni harufu ya kinywa.

Daktari wa koo alibonyeza tonsesi kwa kijiti chenye pamba, kikachomoka kipunje cha manjano, laini kama jibini, kinanuka balaa. Vijiwe vya tonsesi hivyo: mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria vikiganda ndani ya vishimo vyake. Ingekuwa maambukizi ya bakteria, aliniambia, kwa kawaida ningeugulia koo na homa juu. Fangasi nao huja kama utando mweupe, hasa kwa mwenye kisukari, mwenye kinga iliyoshuka, au anayevuta pampu ya pumu yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) bila kusukutua baadaye.

Sasa nikimaliza kula nasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na ulimi naupiga mswaki. Vikijitokeza, vinatoka vyenyewe. Kuchokoa kwa pini alinikataza kabisa. Tonsesi huvuja damu upesi. Ila doa la upande mmoja lisiloondoka kwa zaidi ya wiki 3, nenda likapimwe.